Kila Mtu na Kopo Lake la Udongo

Nchi ninayoisimulia haina jina. Ilikuwa nalo, tena zuri, lakini lilipelekwa kwenye kamati likafanyiwe marekebisho, na kamati haijarudi. Kwa hiyo msinilaumu nisipolitaja, wala msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ninyi mnaishi kwingine, kwenye nchi nzuri, na haya hayawahusu hata kidogo.

Mimi huko nilikuwa Afisa Miti wa Wilaya ya Chepechepe. Wilaya hii ni kavu. Mvua yake ni ya siku ishirini kwa mwaka. Chini ya vumbi lake la kijivu unakutana na kokoto, na chini ya kokoto unakutana na tabaka jeupe, gumu, ambalo jembe likiligonga unasikia mpaka mabegani. Jina la Chepechepe lilitolewa na serikali ili kuitia moyo.

Kabla sijaendelea niweke wazi jambo moja, maana watu wana maneno. Sina wivu. Kwetu wivu umepigwa marufuku kisheria, na kila mtumishi wa umma hujaza Fomu ya Kutokuwa na Wivu kila Januari, nakala tatu. Nimeijaza miaka kumi na tisa na sijarudishiwa hata moja. Ukiona mwenzako amepata kitu na wewe kifua kikakubana, huo si wivu, huo ni uchungu wa kitaifa: unaumia kwa niaba ya wananchi wote ambao hawajakipata. Tulifundishwa hivyo kwenye semina, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofaulu vizuri.

*

Zamani udongo wa Chepechepe uliitwa udongo maskini. Mtangulizi wangu aliliandika neno hilo kwenye ripoti, akaulizwa kama anamaanisha kwamba nchi ni maskini, na sasa anafundisha mazoezi ya viungo huko mpakani. Tangu hapo tunauita udongo wenye subira.

Kwenye udongo huo wenye subira serikali ilianzisha Shamba la Taifa la Mfano la Machungwa, nikakabidhiwa mimi. Amri ilisema ipandwe michungwa elfu nne kwa siku moja, na siku yenyewe iwe sikukuu ya kuzaliwa kwa Kiongozi, ambayo huwa katikati ya kiangazi. Amri ilitaja idadi ya miche, ikataja rangi ya fulana, ikataja na ngoma zitakazochezwa. Kina cha shimo haikukitaja. Sasa wewe una miche elfu nne na jua linapanda, utachimba shimo la namna gani? Tulichimba mashimo ya kina cha kikombe cha chai. Saa saba mchana tulikuwa tumemaliza, na magazeti yakaandika.

Baada ya miezi miwili miche yote ilikuwa vijiti. Mwaka uliofuata tuling'oa vijiti tukapanda miche mingine kwenye mashimo yaleyale, ili tusivunje utaratibu. Kwa jumla tumepanda mara nane. Kitakwimu Chepechepe ina michungwa elfu thelathini na mbili, wilaya ya kwanza kitaifa, na cheti chake kipo ukutani ofisini kwangu. Vijiti vyenyewe tulikuwa tunavipaka rangi ya kijani kila tukisikia kuna ugeni. Nilivipenda vile vijiti, msinicheke. Mtu akisimama mbali kidogo, na jua likiwa linampiga machoni, lilikuwa shamba kabisa.

Halafu Bi Zamda akahamia ng'ambo ya barabara.

*

Bi Zamda alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini. Alipostaafu alipewa kiwanja mkabala na Shamba la Mfano, kiwanja ambacho watu watatu walishakikataa. Alikuwa na miaka sitini na minne, mfupi, mwenye mikono iliyozoea kusonga ugali wa watu mia nne. Siku ya kwanza nilimwona akipiga mtaimbo chini. Siku ya pili nikamwona tena, palepale. Siku ya sita nikavuka barabara kwa sababu za kiofisi.

"Mama, unachimba kaburi?" nikamuuliza.

"Nachimba shimo la mchungwa, mwanangu."

Alikuwa amezama hadi kiunoni. Udongo wa juu ameuweka upande mmoja, ule mweupe wa chini upande mwingine, na kokoto amezipanga ukingoni ili mvua ikija maji yasikimbie. Nikamweleza kwamba kitaalamu shimo la mchungwa ni kikombe. Akanitazama. Akavitazama vijiti vyangu ng'ambo, kisha akanitazama tena. Nilirudi ofisini na macho yale yananifuata.

Shimo alilipata, shida ikawa ni cha kulijazia, maana ule udongo mweupe hauoti hata magugu. Suluhisho alilolipata ni la mpishi tu. Kwetu mgeni haendi nyumba ya mtu mikono mitupu. Atabeba robo ya sukari, au kipande cha sabuni. Bi Zamda akawatangazia watu: sukari daktari amenikataza, sabuni ninayo, anayekuja kunisalimia aniletee kopo moja la udongo wa kwake, ule mzuri.

Watu walicheka wiki nzima, kisha wakaanza kupeleka. Wa bondeni walipeleka tope jeusi la mtoni. Wafugaji walipeleka samadi ya mbuzi iliyolala zizini miaka. Wengine udongo wa kichuguu, wengine majivu ya jikoni yaliyooza pamoja na maganda ya ndizi. Kila kopo alilimwaga shimoni mwenye kopo akiona, akachanganya kwa mkono, akauliza habari za watoto, akampa mgeni uji. Shimo likijaa analiacha linywe mvua, likishuka analijazia tena, na ndipo anapanda. Pembeni ya kila mche alizika mtungi uliotobolewa tundu dogo, akawa anaujaza maji aliyooshea mchele, yanavuja taratibu huko chini kwenye mizizi. Mti mmoja ulimchukua miezi mitatu, minne, ila alikuwa anaendesha mashimo matatu, manne kwa pamoja.

Mke wangu Hidaya alipeleka kopo. Na mimi nilipeleka, nakiri. Nilikuwa nakwenda kumwandikia onyo la kuchimba kupita kina cha kitaalamu, nikaona aibu kwenda mikono mitupu, nikachota kopo la maziwa ya unga nyuma ya jiko letu. Alilipokea kwa mikono miwili. Lile onyo lilibaki mfukoni mpaka suruali ikafuliwa.

Siku zikaenda. Mwaka wa nne ulipoingia, ng'ambo ya barabara kulikuwa na miti kumi na moja: michungwa mitano, mipera mitatu, mikomamanga miwili na mstafeli mmoja. Yote ilikuwa inazaa.

*

Ua la mchungwa lina harufu, nadhani mnajua. Mimi sikuwa najua. Nilikuwa nimepanda michungwa elfu thelathini na mbili na sijawahi kunusa ua lake hata siku moja. Asubuhi moja nimekaa ofisini, dirisha wazi, harufu ikaingia na kutulia humo ndani. Nikafunga dirisha. Nikalifungua. Roho iliniuma, jamani, iliniuma kwelikweli, kwa niaba ya wananchi.

Hidaya naye akaanza kurudi nyumbani na mapera ndani ya kanga.

"Baba Nasra, onja hili," ananiambia. "Lile kopo letu limo humu."

"Sili matunda ambayo hayajakaguliwa."

"Basi kagua. Meno si unayo?"

Nikamwambia pera lenyewe dogo. Lilikuwa kubwa. Nikamwambia miti inayowahi kuzaa huwahi kufa. Akaniuliza nimeyasoma wapi hayo, nikamjibu chuoni. Akalila lote mbele yangu, pamoja na mbegu, akajipangusa mdomo, akasema Bi Zamda ananisalimu.

Hilo la kunisalimu ndilo lililonichoma zaidi. Mtu ana miti kumi na moja inayozaa, watu wamejaa uani kwake kutwa nzima, na bado ana nafasi ya kunisalimu mimi. Kwangu hakuna anayebisha hodi ila mwenye barua ya kusainiwa. Nilikuwa nakaa dirishani nasikia vicheko vyao vinavuka barabara, na najiuliza wanacheka nini.

*

Mwezi huohuo tukapata ugeni wa Waziri wa Matunda na Vivuli, Mheshimiwa Daktari Shebughe, ambaye angekuja kuona mavuno ya Shamba la Mfano. Mavuno hayakuwepo, lakini ratiba ilikuwepo. Tukaagiza machungwa kutoka nje ya nchi, tukayafunga kwenye vijiti kwa kamba za katani, sita kwa kila kijiti. Kila chungwa lilikuja na kikaratasi cha kunata chenye bendera ya watu. Kuvibandua tu kulituchukua siku mbili.

Waziri akafika, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "wenye macho wanaona, na wasio na macho watasaidiwa. Wako waliosema ardhi hii haizai. Leo nawauliza, wako wapi? Tunajua walipo. Mchungwa huu ninaoushika ni mchungwa wa kujitegemea, wenye mizizi yake ndani kabisa ya moyo wa taifa."

Aliposema mizizi akautikisa, na kijiti kikatoka chote ardhini, na machungwa yake sita. Waziri hakuyumba. Aliendelea na hotuba dakika hamsini akiwa nacho mkononi, akikiinua kila alipotaka makofi. Hakuna aliyecheka, maana kwetu tuna nidhamu.

Alipofika mahali pa kusema "harufu ya maendeleo," upepo ukageuka. Harufu yenyewe hasa ikavuka barabara. Waziri akanyamaza, akainua pua. Msafara mzima ukainua pua.

"Hiyo inatoka wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Tukavuka barabara kwa magari kumi na manne, kwa sababu Waziri hatembei. Bi Zamda alikuwa anamenya mihogo. Akafuta kigoda kwa ncha ya kanga akamkaribisha. Hakumjua ni nani, na nadhani hata angemjua angemfutia kigoda kilekile.

"Nani alikuruhusu?" Waziri akauliza.

"Kufanya nini, baba?"

"Hii miti. Nani aliiruhusu izae?"

Bi Zamda akafikiri kidogo. "Mvua," akasema. "Na watu walionisaidia. Karibu chungwa."

Waziri alilila chungwa la kwanza amesimama. La pili alilila ameketi. La tatu alilila amefumba macho, maji yakamchuruzika kidevuni mpaka kwenye nishani. Mbegu alizitema kwenye leso, akaikunja, akaitia mfukoni. Alipofumbua macho nilimtazama usoni, nikajua kilichomo, kwa sababu nilikuwa nacho mimi mwenyewe tangu maua yalipochanua. Uchungu wa kitaifa ulikuwa umemshika vibaya.

*

Jumatatu iliyofuata iliundwa Tume ya Kuchunguza Uzaaji Usio na Kibali. Ilikuwa na wajumbe saba, na katibu wake mimi. Tulifanyia vikao chini ya mikomamanga ya Bi Zamda, kwa kuwa ndipo penye kivuli pekee wilayani. Vielelezo vililetwa mezani kila asubuhi, na hadi mchana vilikuwa vimeliwa.

Mtaalamu kutoka makao makuu alipima jua la upande huu wa barabara na la upande ule, akakuta ni jua moja. Akapima mvua, ikawa ni mvua moja. Mjumbe mmoja alishuku mkono wa nchi jirani, na mwingine akaomba mpera uhojiwe, ukahojiwa. Wiki ya pili ikaisha na hakuna kilichopatikana. Mwenyekiti akachukua kalamu aandike "Sababu haijulikani", na kwa kanuni zetu jambo ambalo sababu yake haijulikani linafungwa. Miti ingebaki. Bi Zamda alikuwa katikati yetu anatumiminia uji.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "ni udongo. Aliukusanya kwa watu, kopo kwa kopo."

Bi Zamda aliiweka sufuria chini taratibu, asimwage.

Ripoti ilitoka baada ya siku nne, kurasa mia mbili na kumi. Ilisema udongo ni mali ya wananchi wote. Ilisema mtu mmoja amelimbikiza udongo wa wilaya nzima ndani ya mashimo kumi na moja, na kwamba hilo ndilo lililokuwa likilihujumu Shamba la Mfano miaka yote, hata miaka ile ambayo Bi Zamda alikuwa bado anapika shuleni. Redio ikatangaza Amri ya Urejeshaji wa Udongo. Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi, kila mwananchi aje na kopo achukue kilicho chake.

*

Alhamisi Bi Zamda alikuja ofisini kwangu. Alikuwa hajawahi kufika. Alibeba mapera sita kwenye kikapu, akayaweka mezani, akabaki amesimama mpaka nilipomwambia aketi.

"Mwanangu, amri siikatai," akasema. "Waje wachukue. Ila waambie wasubiri mvua. Mizizi ya mchungwa iko juujuu, wakiifukua sasa na jua hili, hiyo miti haiioni Jumatatu. Mvua ikinyesha waje, nitawaonyesha mwenyewe pa kuchota, pembeni pembeni, kila mtu apate na mti ubaki."

"Amri imesema Jumamosi, mama."

"Wewe si ndiye Bwana Miti? Wewe ukisema mti utakufa, watakusikiliza."

Alisema kweli. Amri ilikuwa mbele yangu mezani, na kifungu cha tisa kilisema Afisa Miti akiona mti uko hatarini anaweza kuahirisha urejeshaji kwa sahihi yake peke yake. Sijui nani alimwambia. Labda hakuambiwa, alidhani tu kwamba ndiyo kazi ya mtu kama mimi.

"Utapanda mingine," nikamwambia.

"Nina miaka sitini na minane. Mgongo wangu hauna shimo jingine."

Nikamjibu nitalifikiria. Akashukuru, akainuka kwa kushikilia meza, akaenda zake. Sikulifikiria. Kalamu nilikuwa nayo, wino ulikuwemo, na ningetia sahihi ile, maua ya msimu ujao yangeniingilia tena dirishani. Yale mapera niliyala yote sita kabla ya saa kumi. Yalikuwa matamu sana, na hilo likazidi kunikasirisha.

*

Jumamosi saa mbili hapakuwa na mtu. Saa tatu hapakuwa na mtu. Watu walikuwa wameapa kwamba hawatakwenda, kwamba kitu ulichompa mtu umempa. Nilikaa kwenye meza yangu barabarani, na kipaza sauti, na askari wawili wanapiga miayo, nikaanza kuogopa kwamba Bi Zamda atatushinda.

Saa tatu na nusu akaja Ngoda, fundi baiskeli. Alikuja na ndoo.

"Ngoda, wewe hukuleta udongo," Bi Zamda akamwambia.

"Sikuleta, lakini nilikusudia," Ngoda akajibu. "Nije nikose mimi tu?"

Nikamruhusu, kwa kuwa amri haikukataza kusudio. Akachota. Mtu mmoja aliyekuwa akipita akamwona, akaenda mbio kumwambia mwenzake kwamba Ngoda anachukua tope lao la mtoni. Hapo basi. Waliokuwa wameapa hawaji walikuja wakikimbia, si kwa kuutaka udongo, maana wa kwao ulikuwa tele huko bondeni, bali kwa kuona uchungu kwamba utakuwa wa Ngoda. Saa nne foleni ilikuwa imefika kwenye vijiti.

Palizuka tatizo la nani achukue upi, kwani udongo ulikuwa umechanganyika miaka minne. Nikasoma mwongozo, ukurasa wa kumi na mbili: mwananchi atautambua udongo wake kwa kuuonja. Basi watu wazima na heshima zao wakapiga magoti wakawa wanaonja.

"Huu wa kwetu," akasema mmoja, "una ukali wa mama mkwe wangu."

"Tema. Huo ni zizi letu, namjua hata mbuzi mwenyewe."

Ngoda alirudi mara ya pili, akaonja, akasema anasikia grisi.

Bi Zamda mwanzoni alikuwa anazunguka kila shimo akiwaelekeza. "Chota hapa. Mzizi huo usiuguse, huo ndio unaobeba. Hapo pembeni, mwanangu, hapo." Wa kwanza walimsikiliza. Kufikia adhuhuri wakaja wenye majembe, na kila mmoja aliona mwenzake anachota penye rutuba zaidi. Wakawa wanachimba alipochimba mwenzao, mpaka chini kwenye mitungi, na mitungi ikavunjika. Akaacha kuelekeza. Akaingia jikoni akateleka uji, maana hata hivyo walikuwa wageni wake, na jua lilikuwa kali.

Hidaya alifika akiwa mikono mitupu. Nikamwonyesha jina lake kwenye orodha ya waliopeleka udongo, nikamwambia achukue haki yake.

"Mimi nilimpa," akasema. "Sikumwazima."

"Usiniaibishe mbele ya umma, Mama Nasra."

"Hilo hujaniachia, umelimaliza mwenyewe." Akanipita, akaenda jikoni kwa Bi Zamda kushika mwiko.

Mimi kopo langu nililichota saa nane, chini ya mchungwa wa tatu. Niliuonja ule udongo na sikuutambua. Haukuwa na ladha ya nyuma ya jiko letu hata chembe, ulikuwa umeshakuwa kitu kingine kizuri kuliko nilichopeleka. Nikasema ni wangu. Uliobaki katikati ya mashimo, ule mweusi kabisa, ukatangazwa kuwa fungu la serikali, likaja lori likaupakia na kuelekea makao makuu.

Saa kumi na moja mchungwa wa kwanza ukainama, ukalala na machungwa yake mabichi. Jumatatu yote ilikuwa imenyauka. Nilifungua dirisha, nikavuta pumzi, hakukuwa na harufu yoyote. Nilisikia raha, sitawadanganya. Nilisikia raha ambayo sikuwahi kuisikia kwa miti yangu yote elfu thelathini na mbili.

*

Watu waliumwaga udongo wao mbele ya nyumba zao, wengine wakachomeka mbegu juu yake. Kopo moja la udongo juu ya mwamba haliwezi kitu. Upepo wa mwezi wa nane ukauchukua wote. Chepechepe ikatangazwa Wilaya ya Kwanza kwa Usawa, mimi nikapandishwa cheo kuwa Afisa Miti Mwandamizi, na nikapewa kiti kinachozunguka.

Mwaka uliofuata gazeti lilitoa picha ya Mheshimiwa Shebughe nyumbani kwake makao makuu, amesimama kati ya miche ya michungwa iliyomfika kifuani, majani mazito yanang'aa. Maelezo yalisema ameiotesha kwa mbegu, kwa juhudi binafsi, kwenye udongo wa kawaida. Ule weusi chini ya miche niliutambua bila kuuonja. Kifua kilinibana siku nzima, nikachukua karatasi nikaanza kuandika ripoti. Mkuu wangu akaisoma kichwa chake tu, akanikumbusha kwa upole kwamba uchungu wa kitaifa hauelekezwi juu.

Basi alasiri hiyo, kwa kuwa nilikuwa na uchungu na sina pa kuupeleka, nikaamua kuvuka barabara nikajiburudishe kwa kuona mashimo. Nilikuwa sijafika tangu ile Jumamosi.

Mashimo yalikuwepo, kumi na moja, makavu. Magogo yalikuwa yamepangwa ukutani, nusu yameshatumika kuni. Kivuli hakikuwepo hata cha kuku. Na uani, katikati ya jua, walikuwa wamekaa watu kama ishirini. Wamejifunika makanga na magunia vichwani, wengine wana miavuli, wamemzunguka Bi Zamda aliyekuwa amelala ubavu kwenye mkeka kwa ajili ya mgongo wake. Hakukuwa na tunda la kuja kulifuata. Alikuwa anawasimulia mambo ya shuleni, jinsi mwalimu mkuu alivyonaswa akiiba ukoko, na walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ngoda alikuwepo, anacheka kuliko wote. Hidaya alikuwa anagawa uji.

Bi Zamda akaniona nimesimama.

"Aa, Bwana Miti. Karibu," akasema. "Hebu sogeeni, mwenzenu apate pa kukaa."

Na kweli wakasogea. Ngoda aliinuka kidogo, akanikung'utia gunia vumbi, akaacha nafasi pembeni yake. Nafasi ilikuwa ya kunitosha kabisa. Walikuwa wamenyamaza wananisubiri niketi ili hadithi iendelee.

Nikasema nina kazi.

Nikarudi ofisini, nikaketi kwenye kiti kinachozunguka. Vicheko vikaanza tena, vikaingia dirishani. Na hapo, kwa kuwa nilikuwa peke yangu na hapakuwa na fomu mbele yangu, nikasema kwa sauti kwamba miti yote kumi na moja imekufa na bado namwonea wivu yule mwanamke.

Kisha nikavuta karatasi ya serikali, nikaandika juu yake: "YAH: MKUSANYIKO WA WAGENI USIO NA KIBALI KWA BI ZAMDA." Tume ingetaka majina, na niliwaona vizuri kutoka pale nilipokaa. Nikaanza na la mke wangu.